Kupamba saloni bila kuingia deni



Mwezi uliopita mdogo wetu mmoja, mhitimu kama sisi, aliniambia neno ambalo halijanitoka kichwani. Amepata kazi, amepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Kamina, na kuna binti wameelewana. Lakini kila mara wazee wa binti wanapotaka kuja kuona anapoishi, yeye anatafuta sababu. Leo yuko safarini, kesho ana malaria.

Nikamuuliza: "Juu ya nini unakimbia batu?"

Akajibu: "Yaya, mu saloni mwangu hamuna kitu. Viti mbili ya plastiki na ukuta. Nangojea kwanza nipate mafotei."

Akanitajia bei. Nikapiga hesabu: ni mishahara yake mitano, kama hatakula wala kulipa nyumba. Kwa hiyo ndoa inangojea mafotei.

Sikumcheka, kwa sababu njia hiyo mimi niliipita. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilichukua mafotei kwa mkopo: moja kubwa ya watu watatu, mbili ndogo, na meza ya kioo katikati. Yalijaa mpaka mlango haukufunguka wote. Nikaongeza marido mazito ya rangi ya divai, tukawa tunakaa gizani saa sita za mchana. Ile plastiki ya dukani hatukuitoa, eti yasichafuke. Watoto walikatazwa kukaa, na mgeni akikaa alinyanyuka na jasho mgongoni. Deni lilikuwa la miezi kumi na nne.

Mwezi wa tisa wa deni, baba yangu akafariki. Munajua desturi yetu: kilio kikiingia nyumbani, vitu vinatoka. Vijana wa lupango wakabeba mafotei, meza na televizyo, wakaviweka nje chini ya mwembe. Wamama wakatandika mikeka, wakakaa chini. Usiku mvua ikanyesha, na hakuna aliyekumbuka mafotei, hata mimi.

Katika siku zile saloni yangu ilipokea watu wengi kuliko siku zote nilizoishi mle, nayo haikuwa na kitu. Shangazi yangu alikuwa ameegemea ukuta, akaangalia huku na huku, akasema: "Mutoto wangu, kumbe iyi nyumba iko kubwa! Ila iko na giza."

Nami nikainua macho. Nikaona alama za maji, moshi wa taa, utando wa buibui, nyufa. Kwa miezi karibu tisa nilikuwa nimeuficha ukuta mbaya kwa vitu ambavyo bado havikuwa vyangu.

Baada ya kilio nilikausha mafotei, nikauza lile kubwa kwa hasara nikapunguza deni, nikaanza upya. Ninachowaandikia hapa ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenionyesha mapema: ondoa kwanza, kisha ukuta, kisha mwanga, kisha pa kukaa, mwisho ukumbusho. Sisi wengi tunaanza na kiti cha bei kubwa, halafu franga zinaisha kabla ya kufika ukutani.

1. Anza kwa kuondoa

Hii haiombi hata franga moja. Toa vitu vyote nje siku ya jua, kama tunavyofanya siku ya kilio, lakini kwa furaha. Kaa chini katikati ya chumba kitupu. Tazama mwanga unaingia wapi, watu wanapita wapi, ukuta gani unaonekana kwanza mtu akifungua mlango. Kisha rudisha kitu kimoja kimoja, na kwa kila kimoja uliza: hiki kina kazi gani hapa? Gunia la makala, jiko bovu, redio iliyokufa, maua ya plastiki yenye vumbi, vyote vina mahali pengine.

2. Ukuta

Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma au ya udongo mbichi, na udongo wenyewe ni mwekundu. Mwekundu huo unameza mwanga. Ukuta mweupe unaurudisha chumbani. Ndiyo maana rangi nyeupe ni pambo la kwanza la maskini na la tajiri pia.

Rangi ya dukani ni ghali, lakini chokaa inauzwa kwa bei ambayo mwalimu anaiweza. Nunua ile ya unga iliyokwisha kuzimwa. Fagia ukuta vizuri, ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na mchanga, acha ukauke. Usiku mmoja kabla ya kupaka, koroga chokaa na maji mpaka iwe kama maziwa, kisha ichuje kwa kitambaa cha zamani. Tia konzi moja ya chumvi: inashika unyevu, chokaa isikauke haraka mno na kuanza kutoka unga mkononi.

Asubuhi lowesha ukuta kwa maji, halafu paka kidogo tu. Mara ya kwanza utafikiri umepoteza kazi, maana chokaa mbichi haionekani. Ngojea ikauke, itageuka nyeupe yenyewe. Rudia kesho, na kesho kutwa. Mara tatu nyembamba zinashinda mara moja nzito, na sababu ni hii: chokaa inavuta gesi ya kaboni iliyo hewani na kurudi kuwa jiwe. Ikiwa nzito, hewa haifiki ndani, na inabanduka vipande vipande.

Mambo mawili ya kuangalia. Chokaa inaunguza macho na ngozi: funika mikono, vaa miwani hata ya jua, weka watoto mbali, na ikirukia jichoni osha kwa maji mengi sana papo hapo, kisha nenda kwa muganga. La pili, haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Ukuta wa namna hiyo ukwangue kwanza.

Asiyeweza kununua chokaa ana pemba, ule udongo mweupe ambao Baluba wanaujua tangu zamani kama rangi ya baraka na ya mizimu. Upondeponde, uchuje, uchanganye na uji mwembamba wa unga wa muhogo uliopikwa. Uji ndio gundi. Rangi hii ni ya ndani tu, kwenye ukuta mkavu. Ukuta ukilia maji, itaota ukungu. Lakini ikichakaa, unaipaka tena bila kuomba mtu ruhusa.

Na ule udongo mwekundu nao tusiutukane. Wekundu wake ni kutu ya chuma, kwa hiyo jua haliufifishi na chokaa haiuharibu. Uchuje vizuri, uchanganye na uji uleule wa muhogo, upake sehemu ya chini ya ukuta mpaka usawa wa kiuno. Mikono ya watoto, migongo ya wageni na maji ya kupiga deki vyote vinagusa hapo chini. Ili mstari unyooke, paka uzi unga wa makala, watu wawili wauvute kwa nguvu pande mbili, wa tatu auvute katikati na kuuachia. Alama itabaki ukutani, imenyooka kuliko ya rula. Chini mwekundu, juu mweupe: watu wananiuliza nilileta fundi kutoka Lubumbashi.

3. Dari na mwanga

Wengi wetu tuko chini ya manjanja bila plafo. Mchana ni joto, na mvua ikipiga hakuna anayesikia mwenzake. Triplex ni ghali. Nilichofanya nilikiona kwa majirani: nilikusanya mifuko myeupe ya unga, nikaifungua, nikaifua, mke wangu akaishona ikawa shuka moja kubwa, tukaivuta na kuipigilia kwenye mbao nyembamba. Siri yake ni moja tu, weka upande wenye maandishi juu, usionekane. Na onyo lake ni moja: mifuko hii ni plastiki, inashika moto haraka. Usiweke mshumaa wala taa ya mafuta chini yake karibu, na waya za umeme zisiiguse.

Marido yangu ya rangi ya divai niliyatoa, nikaweka kitambaa chepesi. Kioo kilichokuwa chumbani nikakitundika mkabala na dirisha, na dirisha moja likawa kama mawili. Jioni, taa ya sola usiielekeze usoni mwa watu. Igeuze imulike ukuta mweupe, mwanga utasambaa wenyewe. Taa ileile ndogo inatosha saloni nzima.

4. Mahali pa kukaa

Hapa ndipo franga zetu zinapopotea, basi tuseme kidogo juu ya wazee wetu. Sisi tulio Kamina tuko katika nchi ya Baluba, na Baluba ni watu ambao dunia nzima inawajua kwa kiti. Kile kiti cha mbao chenye mwanamke aliyechongwa akibeba kikalio kwa mikono na kichwa, kilikuwa alama ya ufalme. Viti vilivyochongwa na yule bingwa anayeitwa Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji cha Buli, leo viko katika majumba ya makumbusho kama British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York, ndani ya vioo, na watu wanakuja kuviangalia. Kiti kimoja kilichofanywa vizuri kiliweza kubeba heshima ya nyumba nzima ya mfalme. Sisemi tutafute vya namna ile. Nasema heshima haihesabiwi kwa wingi wa mafotei.

Kwangu niliagiza kwa seremala benchi mbili za mbao, za kuegemea kuta mbili zinazokutana pembeni. Kipimo ni hiki: urefu kutoka chini sentimita 40 hadi 45, upana wa kukalia sentimita 45 hadi 50. Benchi ya sentimita 180 inakalisha watu wazima watatu bila kugusana. Mwambie seremala akupe mbao kavu. Mbao mbichi itajipinda na misumari italegea kabla ya mwaka kuisha. Mwambie pia atengeneze kikalio kinachofunguka kama sanduku, ndani utaweka blanketi na vitabu. Juu weka sponji iliyokatwa sawasawa, uivalishe kitenge kinachovuliwa na kufuliwa.

Chini tandika mkeka. Siku ya wageni wengi ni kiti cha ziada, siku ya homa ni kitanda cha mtoto mchana. Na siku ya kilio, munajua.

Neno juu ya vitambaa. Mama zetu wanajua krosheti, kazi ambayo wengi waliipata kwa mama zao, na hao wa kwanza waliifunzwa kwa masista na katika zile foyer social za wakati wa Wabeleji. Kitambaa cha krosheti kwenye mgongo wa kiti kilianza Ulaya kwa sababu isiyo ya urembo: kuzuia mafuta ya nywele yasichafue kiti. Sisi tunavirundika mpaka juu ya televizyo. Chagua viwili au vitatu, vifuliwe viwe vyeupe kabisa, vingine vipumzike kabatini kungoja zamu.

5. Ukumbusho ukutani

Sasa ukuta ni mweupe na unangojea. Wengi tunatundika kalenda ya duka na picha ya nyumba ya Ulaya yenye ziwa na theluji. Si dhambi. Lakini mkoa huu wa Katanga ya zamani ulikuwa na kitu bora zaidi, na ni karibu tusahau.

Katika miaka ya 1960 na 1970, ukiingia saloni ya mfanyakazi wa migodi, wa reli, au karani wa biro, huko Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ungekuta ukutani mchoro wa mkono. Mchoraji alikuwa mtu wa mtaa. Alichora juu ya kitambaa cha mfuko wa unga kilichovutwa kwenye vijiti, kwa rangi aliyoipata, akapita nyumba kwa nyumba akiuza. Bei ilikuwa ya mtu wa mshahara mdogo. Michoro ilikuwa na aina zake zilizojulikana: Mamba Muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki anayeleta mali na taabu, simba, kijiji cha zamani, na ile iliyoitwa "Colonie Belge", mfungwa akichapwa fimbo na polisi huku Mbeleji akisimama kutazama.

Watu waliita michoro hii kwa neno moja: ukumbusho. Mgeni akikaa, macho yanapanda ukutani, anauliza: "Hapa ni wapi? Huyu ni nani?" Mwenye nyumba anaanza kueleza, mzee aliyekaa pembeni anaongeza, watoto wanasikia. Mchoro ulifanya kazi ambayo televizyo inaizima leo: ulifungua mazungumzo.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yetu, michoro zaidi ya 100, na kuieleza kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga mbele ya Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi wakati huo. Tshibumba alijiona mwanahistoria, si mchoraji tu. Mwaka 1996 Fabian alichapisha michoro na maelezo hayo katika kitabu, na leo wanafunzi wa ng'ambo wanakisoma. Yote ilianza na kitu cha kupamba saloni, juu ya mfuko wa unga.

Kwa hiyo shauri langu: ukuta mmoja, ukumbusho mmoja. Kama mtaani kwako kuna kijana anayechora vibao vya salon de coiffure na butike, mpe kitambaa na umwambie akuchoree kitu unachokijua wewe: stesheni yetu na treni inayoingia, mto wa kijiji cha mama yako, shule uliyosomea. Utamlipa kidogo, naye atapata kazi. Au chukua picha moja ya zamani, ipelekwe stidio ikuzwe, itiwe kadre ya mbao. Mimi nimetundika picha ya baba akiwa kijana, amesimama kando ya baiskeli yake ya kwanza. Itundike usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Wengi tunaweka juu mno, karibu na dari, kana kwamba picha ni ya mijusi.

Na kwa kuwa sisi ni wahitimu, neno juu ya diploma. Najua munaitundika, nami naitundika. Lakini usitundike ile yenyewe. Jua linakula wino, ukuta unatoa unyevu, na mchwa hawajui kusoma. Fanya kopi ya rangi, hiyo ndiyo ikae kwenye kadre; ya kweli iwekwe ndani ya plastiki, mahali pakavu, mbali na ukuta na sakafu. Namjua mwenzetu aliyeitoa diploma yake ukutani siku ya kuomba kazi, akakuta nusu ya jina lake imeliwa.

6. Mpango wa miezi mitatu

Tusifanye yote kwa siku moja, ndiyo njia ya kurudi kwenye mkopo. Mwezi wa kwanza: ondoa, safisha, ziba nyufa, paka chokaa. Mwezi wa pili: dari ya mifuko, kitambaa chepesi cha dirisha, kioo. Mwezi wa tatu: benchi ya kwanza na ukumbusho mmoja. Benchi ya pili itakuja yenyewe. Fanya kazi ya kupaka wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa; mvua zikianza ukuta haukauki.

Chokaa, burashi na chumvi vilinigharimu chini ya malipo ya mwezi mmoja ya yale mafotei yangu. Sisemi fotei ni mbaya. Mwenye nazo ashukuru, na atoe ile plastiki watu wakae. Nasema tu isiwe ndiyo inayoamua kama utaoa, kama utakaribisha wenzako wa kazi, kama mama yako atakuja kulala kwako.

Yule mdogo wetu nilimwalika nyumbani. Alikaa kwenye benchi, akatazama ukuta muda mrefu, kisha akaniuliza juu ya baiskeli ya baba. Tukaongea mpaka usiku. Alipokuwa anatoka aligeuka mlangoni: "Yaya, iyi chokaa, banaiuzisha wapi?"

Jumamosi ijayo tunaenda kwake kupaka. Tuko watu wanne mpaka sasa, na wazee wa binti wamepewa tarehe. Mwenye burashi aje nayo, na mwenye ngazi atuazime.